Mkono wa Maikrofoni Mezani: Pima Maikrofoni, Kagua Meza, Ndipo Ununue

Swali limetoka kwa msomaji wa Pasua, Moshi. Anaandika kwamba amepanga chumba na sebule, na sebuleni humo anarekodi podikasti kuhusu kilimo cha kahawa na migomba. Jioni za Jumamosi hukaa meza hiyohiyo kuchambua mechi za mpira mbashara, akiwa mbele ya kamera. Maikrofoni yake ni Rode PodMic. Mkono wa bei nafuu alioanza nao, yaani ile fito yenye viungo inayofungwa mezani kubeba maikrofoni, huinuka vizuri anapouweka, kisha hushuka polepole anapoendelea kuongea, na meza yake ilitengenezwa na seremala wa mtaani. Anauliza anunue mkono upi, na kama anahitaji wa pili kwa ajili ya mgeni.

Dada, nianze na jibu lenyewe. Nunua mkono wa springi ambao mtengenezaji ameandika wazi kuwa unabeba kilo 1.1 au zaidi, na usitoe fedha yako kabla hujainama chini ya meza kuona kama kibano cha mkono huo kitapata mahali pa kushika. Rangi, jina la kampuni, na kama springi zinaonekana au zimefichwa, ni mambo yanayokuja nyuma ya hayo mawili. Nitaeleza sababu kwa kirefu, kwa kuwa ukizielewa utaweza kupima hata mkono ambao mimi sikuutaja.

PodMic ina uzito wa gramu 937. Kwa maikrofoni ya mezani huo ni uzito mkubwa. Shure SM7B, ambayo watu wengi huiona kuwa ndiyo nzito, ina gramu 765 hivi. Shure MV7 ina gramu 550. Audio-Technica AT2020 ina gramu 345. Na SM58, ile inayoshikwa mkononi na waimbaji, haifiki gramu 300. Kwa hiyo mkono uliomfaa jirani yako mwenye AT2020 unaweza kukushinda wewe kabisa, ingawa ni mkono uleule wa duka lilelile. Tena hizo gramu 937 ni za maikrofoni peke yake. Ongeza sponji ya kuzuia pumzi, plagi ya waya, na ile sehemu ya waya inayoning'inia kutoka kwenye kiwiko cha mkono, nawe utakuwa unakaribia kilo 1 au kuizidi kidogo. Kama unataka kuwa na uhakika, funga kila kitu kama kinavyokuwa wakati wa kurekodi, kisha mwombe Mangi wa dukani akupimie kwenye mzani wake. Namba utakayoipata ndiyo utakayokwenda nayo dukani.

Mkono wa springi una ukomo wa pande mbili, na hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea kwa kutazama upande mmoja tu. Asili ya mikono hii ni taa ya mezani iliyobuniwa na George Carwardine, mhandisi Mwingereza aliyekuwa amezoea springi za magari, ambaye hataza yake, yaani hati ya haki ya ubunifu, ni ya mwaka 1932. Alipanga springi na fito kwa namna ambayo mvuto wa springi unabadilika pamoja na mkao wa mkono, hata uzito uliopo nchani ukasawazishwa karibu kila mahali mkono unapowekwa. Taa ikabaki pale ilipoachwa bila kufungwa skrubu yoyote. Mkono wa maikrofoni unafuata kanuni hiyohiyo, na kanuni hiyo inatimia tu pale ambapo uzito wa nchani unaingia ndani ya kipimo ambacho springi zimetengenezewa. Ukizidi, mkono unashuka. Ukipungua, mkono unapanda wenyewe kuelekea juu, na mwenye maikrofoni nyepesi hujikuta akiuvuta chini kila baada ya dakika chache. Rode PSA1 ya zamani, kwa mfano, ilitengenezewa uzito wa kuanzia gramu 700 hadi kilo 1.1, hivyo PodMic inakaa humo vizuri, lakini SM58 ikifungwa hapo hupandishwa juu. PSA1+ iliyofuata inaweza kurekebishwa, na kipimo chake kinaanzia chini ya gramu 100 hadi kilo 1.2. Sikutajii hizi mbili kwa sababu lazima uzinunue. Nimezitaja kwa sababu mtengenezaji wake ameandika kipimo cha chini na cha juu, na hilo ndilo ninalotaka ulitafute kwenye mkono wowote utakaoonyeshwa. Boksi lililoandikwa kwamba mkono ni imara sana bila kutaja gramu hata moja halijakuambia kitu.

Sasa tazama mkono ulio nao. Naamini springi zake ni dhaifu kuliko mzigo, na kinachoushikilia ni msuguano wa viungo ulivyovikaza kwa vishikio vya plastiki. Msuguano unashika kwa muda. Kila mara unapokaza zaidi, washa za plastiki zilizomo ndani ya kiungo zinaliwa, kisha unalazimika kukaza tena, mpaka siku kishikio kinapozunguka bila kukaza. Ndiyo maana unashuka polepole badala ya kuanguka mara moja. Unaweza kuupunguzia taabu wakati ukitafuta mwingine: sogeza kibano karibu na kiti chako ili mkono usinyooshwe wote. Uzito uleule ukiwa sentimita 80 kutoka kwenye shina unavuta mara mbili ya unavyovuta ukiwa sentimita 40, kwa hiyo mkono uliokunjwa nusu una nafuu kubwa, na huenda ukatulia kabisa bila kutumia hata shilingi.

Huenda mtu akauliza kwa nini tusumbuke na sentimita chache za kushuka. Nalijibu hili kwa mkazo, kwa sababu ndilo linaloharibu vipindi vingi vizuri ninavyovisikia kutoka kanda hii. Kila unapozidisha maradufu umbali kati ya kinywa na maikrofoni, sauti yako inapungua kwa desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) 6 hivi, ilhali kelele za chumba zinabaki pale pale. Mtu anayeongea akiwa sentimita 30 kutoka kwenye maikrofoni, akisogea hadi 15, amejiongezea desibeli 6 juu ya jogoo, juu ya bodaboda zinazopita, na juu ya bati linalopigwa na mvua ya Aprili. Akifika sentimita 8, yaani upana wa vidole vinne, ameongeza nyingine karibu sawa na hizo. Hakuna programu ya kusafisha sauti itakayokupa faida hiyo bila kukwaruza maneno yako. Tena maikrofoni za aina yako huongeza besi kadiri kinywa kinavyokaribia, kwa hiyo maikrofoni inayoteremka kutoka mdomoni hadi kifuani katikati ya kipindi hubadilisha uzito wa sauti pia, na msikilizaji husikia kama watu wawili tofauti wameongea. Mkono mzuri unanunuliwa ili umbali ulioanza nao ndio umalize nao.

Nije kwenye meza, ambayo kwa hapa kwetu ndiyo inayowakwamisha watu kuliko mkono wenyewe. Vibano vya mikono hii vimebuniwa kwa meza za kiwandani ambazo ubao wa juu ni mwembamba na ukingo wake uko wazi kwa chini. Meza za maseremala wetu wa Moshi na Arusha hazijengwi hivyo. Seremala huweka fremu kuzunguka chini ya ubao wa juu, mbao ya kimo cha sentimita 8 au 10 iliyounganishwa na miguu, na mara nyingi fremu hiyo iko karibu sana na ukingo. Kibano cha kawaida hufunguka sentimita 5 hivi, kwa hiyo hakiwezi kuikumbatia fremu, na nafasi iliyobaki mbele yake haitoshi kuingiza taya la chini. Inama uangalie. Chukua rula upime unene wa ubao wa juu, kisha upime ubao huo umetokeza kiasi gani nje ya fremu kwa kila upande, kwa maana mara nyingi upande mmoja wa meza umetokeza kuliko pande nyingine. Taya la kibano linahitaji sentimita 4 au 5 za kukaa kwa ukamilifu. Likikaa nusu, mkono ukinyooshwa utakivuta kibano pembeni na kukichomoa, na maikrofoni yenye uzito wa karibu kilo 1 ikianguka inaweza kuvunja kioo cha kompyuta.

Ikiwa meza yako haina nafasi hiyo, usiitupe wala usichonge fremu kwa msumeno, kwani fremu ndiyo inayoizuia meza isiyumbe. Iko njia safi zaidi. Baadhi ya mikono huuzwa ikiwa na kitako cha pili kinachopitishwa kwenye tundu la meza na kukazwa kwa nati kutoka chini. Seremala wako anaweza kutoboa tundu hilo kwa dakika chache, mradi lisiwe juu ya kiungo cha fremu. Njia nyingine ni kumwomba akuongezee kipande cha mbao ngumu upande wa kushoto au kulia wa meza, kilichofungwa kwa skrubu na gundi kwenye fremu yenyewe, kikitokeza sentimita 8 hivi. Kibano kitakaa juu ya kipande hicho. Mimi napenda njia hii ya pili kuliko zote, kwa sababu mtu aliyepanga huhama, na kipande hicho kinaweza kufunguliwa na kufungwa kwenye meza nyingine.

Kama ubao wa juu ni ule wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, weka kibati cha chuma au kipande cha mbao halisi chini ya taya, vinginevyo kibano kitazama ndani yake na kuacha shimo. Meza ya kioo usiifungie mkono hata kidogo.

Pima pia nafasi iliyo nyuma ya meza. Mkono wa springi ukiuvuta karibu nawe, kiwiko chake hurudi nyuma na kupanda juu, na meza iliyosukumwa hadi ukutani hukifanya kiwiko kigonge ukuta au kunasa kwenye pazia. Kwa sebule ndogo ni afadhali kibano kiwe ubavuni mwa meza, upande wa mkono wako usioshika kipanya.

Kuhusu aina za mikono sitakuchosha. Yenye springi za nje ni ya bei nafuu na hurekebishika kwa urahisi, lakini springi hizo hulia kama nyuzi ukizigusa, na mlio huo husafiri hadi kwenye maikrofoni. Yenye springi za ndani ni tulivu zaidi na ni ghali zaidi. Iko pia mikono ya chini, kama Elgato Wave Mic Arm LP, ambayo haipandi juu ya kichwa bali hulala karibu na meza na kupita chini ya kioo cha kompyuta. Kwako wewe unayeonekana kwenye kamera kila Jumamosi, mkono wa chini ungekuwa mzuri sana kwa macho, kwa kuwa uso wako unabaki wazi na maikrofoni inaingia kutoka chini ya kidevu. Lakini mikono hiyo huhitaji ukingo wa meza ulio safi kuliko mikono mingine, kwa sababu yote iko chini chini na kila kilichopo mezani huizuia. Kwa meza yenye fremu, nyaraka na kikombe cha chai, mimi ningebaki na wa springi na kuuingiza kwa ubavu. PodMic inapokea sauti kwa ncha yake, kwa hiyo iweke chini kidogo ya usawa wa mdomo, pembeni, ncha ikikuelekea kwa mshazari. Ukitamka neno kama pembejeo, pumzi ya herufi p itapita pembeni badala ya kuigonga maikrofoni, na kamera itaona uso wako wote.

Jambo la nyuzi za skrubu ni dogo, lakini limewarudisha wengi dukani. Zipo nyuzi za inchi 5/8 na za inchi 3/8, na adapta ya chuma yenye umbo la pete ndiyo inayounganisha hizo mbili. Mikono mingi huja na adapta hiyo ikiwa tayari imefungwa nchani, na kuna watu wanaodhani mkono ni mbovu kwa sababu hawajagundua kwamba pete ile inafunguka kwa sarafu au bisibisi bapa. Iangalie kabla hujaondoka dukani. Adapta ya plastiki ikataliwe, maana maikrofoni nzito huimaliza nyuzi zake.

Ukishaufunga, shughulikia mitikisiko. Kiganja kikipiga meza, au kipanya kikigongwa, mtikisiko hupanda kupitia kibano na shina hadi kwenye maikrofoni, nawe utausikia kwenye rekodi kama ngurumo fupi ya chini. PodMic imewekewa kinga ya mitikisiko ndani yake, kwa hiyo usikimbilie kununua kile kishikizo cha nyuzi za mpira kinachozunguka maikrofoni. Kwako kitaongeza uzito ambao mkono hauuhitaji. Kata vipande viwili vya tyubu ya baiskeli uviweke kati ya taya za kibano na mbao, juu na chini. Kama springi ni za nje, pitisha ukanda mwembamba wa sponji katikati ya kila springi, utaona mlio umekufa. Kisha katika programu unayorekodia kata sauti nzito za chini, zilizo chini ya hezi 80 (hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde), kwa sababu sauti ya mtu anayeongea haina kitu cha maana huko, ilhali ngurumo za meza ziko huko tele. Waya ufungwe kwenye mkono kwa vitambaa laini, ukiachiwa kitanzi kilicholegea kwenye kila kiwiko. Waya uliokazwa huuvuta mkono kama springi ya ziada isiyotakiwa, na mtu hukaza viungo bila kujua kwamba adui ni waya.

Kwa ununuzi wenyewe, nenda na maikrofoni yako. Hili nalisisitiza hata ikiwa ni kazi kuibeba hadi Arusha au kokote utakakopata duka la vyombo vya muziki. Omba mkono ufungwe kwenye kaunta, ifunge maikrofoni yako, unyooshe mkono wote mbele kwa usawa, kisha uache viungo bila kuvikaza sana wakati muuzaji akiandika risiti. Weka kidole kwenye ukuta au rafu kuwa alama ya pale ncha ilipo. Ikiwa ncha imeshuka hata kidogo kwa muda huo, kwako itashuka zaidi. Ukunje na kuunyoosha taratibu sikio likiwa karibu na kiungo. Mlio wa kukwaruza unaousikia hapo utakuwa kwenye podikasti. Mwisho angalia skrubu ya kibano: iwe ya chuma, nene, na kitako chake kizunguke bila kuyumba. Mkono wenye shina zuri na kibano cha kubahatisha ni hasara.

Ukiagiza kutoka Kariakoo na kutumiwa kwa basi, huwezi kuujaribu, kwa hiyo mwombe muuzaji akutumie kwanza picha ya maandishi ya boksi yanayotaja uzito, na mkubaliane kwa maandishi kuhusu kurudisha ikiwa utashuka. Muuzaji anayekataa yote mawili mwache.

Ikiwa baada ya kupima utaona meza haifai na seremala hapatikani, ipo njia ambayo watu huidharau bila sababu, nayo ni stendi ya sakafuni yenye mkono wa mshazari, ile inayosimama mbele ya kwaya kanisani. Haigusi meza, hivyo mitikisiko yote ya kibodi na kikombe haifiki kwenye maikrofoni, na inahama nawe chumba hadi chumba. Kasoro yake ni kuchukua nafasi sakafuni na kupinduka mzigo ukiwa mbali na shina. Tandaza mguu mmoja chini ya mkono wenyewe, uelekee kule uzito uliko, na uweke mfuko wa kitambaa uliojazwa kilo 3 au 4 za mchanga juu ya miguu. Usiamini stendi nyepesi bila mchanga huo, hasa ukiwa na watoto nyumbani. Kwa fedha kidogo, stendi nzuri ya namna hii ni bora mara nyingi kuliko mkono dhaifu wa mezani, na ningependelea uwe nayo kuliko kununua mkono wa pili usiobeba kilo 1.

Hiyo pia ndiyo inayojibu swali la mgeni. Usinunue mkono wa pili kwa sasa. Mikono miwili kwenye meza moja inamaanisha kila mtikisiko wa mgeni, ambaye hajazoea na atagonga meza kila akisisitiza jambo, unafika kwenye maikrofoni zote mbili. Mpe mgeni stendi ya sakafuni, akae pembeni ya meza badala ya kukukabili, umbali kati yenu uwe angalau mara tatu ya umbali wa kila mmoja na maikrofoni yake, ili sauti yake isiingie sana kwenye yako. Mkulima aliyeshuka kutoka Kibosho au Marangu kuja kuzungumza nawe hapaswi kufundishwa namna ya kushika mkono wa springi. Mkalishe, mwombe aegemee kiti kama atakavyoketi muda wote, ndipo usogeze stendi mpaka maikrofoni ifike vidole vinne kutoka mdomoni mwake, na ukaze.